Mtu Aliyesimama Darajani Miaka Thelathini

Mimi nilisema sitaki. Nilimwambia mwalimu Linah mara tatu, na mara ya nne nikanyamaza nikidhani amesikia. Mtu wa umri wangu anaachwa apumzike. Hapewi daftari na kalamu kama mtoto wa darasa la pili, halafu ati aandike maisha ya mtu mmoja wa hapa kwetu, mtu wa kawaida. Watu wa kawaida ni wengi kama mawe ya njiani, nani atakaa kuwasoma? Na mkono wangu unauma. Lakini Linah ameganda kwangu kama kupe, na mimi sipendi kusikia ati nimeshindwa. Basi nitaandika, tena vile ninavyotaka mimi, na herufi zikilala upande, zilale. Nitaandika habari za Nabwile.

Nabwile anakaa Kibomet, hapa Kitale, nyumba ya tatu ukipita mashine ya kusaga unga. Ukimtazama hutaona kitu. Ni mwanamke mfupi, leso kichwani, miguu imepasuka kwa shamba. Tangu aolewe mwaka wa themanini na mbili, mpaka mwaka juzi, hakuwahi kulala nje ya Kitale ila kwa msiba. Nairobi hajaiona. Treni ameiona ikipita tu. Lakini mwulize vile mtu anavuka mto uliogeuka jiwe kwa baridi. Atakwambia funga magunia miguuni, na usisimame katikati kupiga soga. Mwulize ngamia akikataa kuamka anafanywa nini. Atakwambia mpigie mluzi, usimguse na kiboko, ngamia ana kisirani kama shemeji. Hayo yote aliyaona akiwa hapa hapa, ameketi jikoni kwenye kigoda, moshi ukimtoa machozi.

Ilianza na baba yake. Mzee Barasa alikuwa kibarua wa kiwanda cha karatasi kule Webuye. Kazi yake ni kufungua mafurushi ya makaratasi makuukuu yaliyoletwa na malori, ayachambue kabla hayajatiwa majini na kupondwa kuwa uji wa karatasi mpya. Daftari za shule, magazeti, barua za ofisini za watu waliokwisha kufa, zote zilipita mikononi mwake. Siku moja, mwaka wa sabini na saba, kikaanguka kitabu. Jalada hakina, jina hakina, ukurasa wa kwanza umekwenda, lakini ni cha Kiswahili na kina picha tatu za kuchorwa. Msimamizi akamwambia, chukua, Barasa, uji hautapungua kwa kitabu kimoja.

Mzee alisoma kwa kidole, silabi moja moja, kama mtu anayepanda maharagwe. Alisoma Jumapili baada ya kanisa, wakati wa mavuno, watoto wakipukuchua mahindi kwenye gunia. Kitabu kilikuwa cha mtu mmoja aliyetoka kwao akiwa na sufuria, blanketi na jozi moja ya viatu. Hakufukuzwa na mtu wala hakukimbia deni. Alitaka tu kuona mto uliopita nyuma ya nyumba yao unakwenda wapi. Hapo mzee alikuwa anaacha kusoma, anatazama upande wa Nzoia, anasema hata huu mto wetu una mahali unakwenda, na mimi sijaufuata hata siku moja. Halafu anarudisha kidole mahali pake.

Kitu kimoja tu. Mzee Barasa hakuwahi kukimaliza. Kila mavuno alianza upya ukurasa wa kwanza uliobaki, kwa sababu alisema si adabu kumdaka msafiri katikati ya njia kabla hujamjua ametoka wapi. Wakifika jangwani mahindi yamekwisha, na mzee amerudishwa zamu za Jumapili. Watoto wakimlilia aruke mbele, anasema tutafika. Hawakufika.

Nabwile alizisikia zile kurasa za mwanzo zote, mwaka baada ya mwaka, mpaka akazijua. Shule aliacha darasa la nne. Agneta, dada yake mkubwa, alikuwa amechukuliwa na shangazi yao Bungoma, akasoma mpaka la saba, akapata kazi ya kufagia na kubeba mafaili katika ofisi ya serikali. Alirudi Webuye Krismasi kwa Krismasi na viatu vyenye kamba. Za kitabu aliokota vipande tu, huku na huku. Lakini alikipenda. Wote wawili walikipenda, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Mzee akafa mwaka wa tisini na nne. Siku ya tatu baada ya kumzika, siku ya kunyoa nywele, wazee wakakaa kugawa vitu vyake kama desturi. Shamba likaenda kwa kijana wa kiume, Khisa, na hakuna aliyelisemea. Ng'ombe wawili, baiskeli, koti, redio, kila kitu kikapata mwenyewe. Mwisho kikabaki kitabu mezani, na sauti mbili zikasema kwa pamoja, hicho changu.

Wazee hawakuzoea kusikia wasichana wakidai kitu. Wakauliza sababu. Nabwile akasema yeye ndiye aliyekaa na baba wakati wa kusoma. Agneta akasimama, akakishika kitabu, akasema neno ambalo mimi nimelisikia kwa Nabwile mara nyingi kuliko nilivyosikia Baba Yetu.

"Huyu hata jina lake mwenyewe analiandika kwa jasho. Mkimpa kitabu, kesho mtakikuta sokoni kimefungia njugu."

Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka, matangani kwa baba yake. Nabwile hakukiachilia kile kitabu, alikuwa amekishika upande mmoja na dada yake ameshika wa pili. Baba yao mdogo, mzee Wanjala, akaona aibu hii imetosha. Akauliza wazee, watoto wawili wakiachiwa mbuzi mmoja, mbuzi anafanywa nini? Kila mtu alijua mbuzi anafanywa nini. Akachukua kisu kile kile kilichokata nyama ya matanga, akakilaza kitabu juu ya benchi, akakikata mgongoni katikati, taratibu, kwa haki. Wazee wakatikisa kichwa wameridhika. Hakuna hata mmoja aliyeona ajabu.

Agneta, kwa kuwa ni kifungua mimba, akachagua kwanza. Akapima vipande mkononi kama mtu anayepima maini, akachukua kilicho kizito, cha nyuma. Nabwile akabaki na cha mbele. Wakaachana pale bila kushikana mikono. Nabwile aliapa kwamba hataenda Bungoma kuomba kile kipande kingine, hata aitwe na tarumbeta.

Mwaka uliofuata alijiandikisha gumbaru, ile shule ya watu wazima, hapo kanisani Kibomet. Mimi nilikuwa benchi la nyuma yake, najua. Linah Jerono alikuwa msichana wakati huo, ametoka chuo juzi, anatuogopa. Sisi wengine tulikwenda ili tuweze kusoma Biblia na kutia sahihi. Nabwile alikwenda kwa hasira. Mume wake, Simiyu, Mungu amlaze pema, alimwuliza kama anataka kuwa chifu. Akamwambia nataka kufika mahali, wewe kula ugali. Alitumia miaka miwili. Kile kipande chake alikisoma kuanzia kupanda mpaka kuvuna, na kidole chini ya maneno kama baba yake, akavuka jangwa, akapita mji ambao watu wanauza mazulia wakiwa wamelala juu yake, akavuka mto wa barafu, akapanda milima, mpaka akafika ukurasa wa mwisho alionao. Ulisema hivi: "Nikaweka mguu wa kulia juu ya lile daraja la kamba, nikashika kwa mikono miwili, na papo hapo".

Basi. Papo hapo, kisu cha mzee Wanjala.

Mnaweza kucheka, lakini mimi nilimwona. Huyo mtu alisimama juu ya daraja kichwani mwa Nabwile karibu miaka thelathini, mguu mmoja mbele, chini yake maji yananguruma. Na sisi tulisimama naye. Tulikuwa vibarua kwenye mashamba makubwa ya mahindi, tunapalilia mistari ambayo mwisho wake hauonekani, na Nabwile alitutembeza. Kila mstari aliupa jina. Mstari wa kwanza ni jangwa, wa pili ni mji wa mazulia, wa tatu ni mto wa jiwe, na jua likiwa kali namna hiyo unapalilia mto wa barafu, nakwambia hata jasho linapoa. Nilizaa watoto sita nikaona Eldoret mara mbili, lakini nimetembea. Msimamizi wa shamba alishangaa mbona kundi letu linamaliza mapema. Angejuaje tulikuwa tunakimbilia kulala mjini kabla malango hayajafungwa.

Tukifika darajani tulimwuliza, halafu? Anainama kwenye jembe, anasema halafu iko Bungoma.

Tulimtania. Waruguru, aliyekuwa na ulimi kama upupu, alikuwa akimwambia, "Nabwile, huyo bwana wako miguu imevimba. Mtoe darajani akojoe." Tukamshauri atunge mwenyewe. Alijaribu, msimu mmoja alimwangusha majini akamwokoa, msimu mwingine kamba ikakatika. Lakini alisema haikukaa. Ilikuwa ni yeye anasema, si yule mtu anayetembea. Basi akamrudisha pale pale.

Siku hizo zimekwenda. Mashamba mengine yamegawanywa ploti, yamejengwa. Waruguru tulimzika. Wale wa mistari tumebaki watatu, na hakuna anayeinama tena. Ukiona Nabwile na mimi tumeketi nje ya nyumba yake tukitazama barabara, usidhani tunatazama barabara.

Sasa mwaka juzi, mwezi wa tatu, simu ikalia kwake. Alikuwa Ivy, binti ya Agneta, ambaye hata sauti yake hakuijua vizuri. Akamsalimu vizuri, mama mdogo, mama mdogo, mpaka Nabwile akamwambia sema shida. Ivy akasema mama macho yamefunga, ni sukari, mwaka sasa. Halafu akasema kitu ambacho kilimfanya Nabwile aketi chini kwenye udongo. Akasema mama ameanza kuongea peke yake. Kila Jumapili akitoka kanisani anaketi jikoni, anasema maneno kama anayesoma, kwa sauti, yale yale, habari za mtu fulani anarudi kwao. Akimaliza analia, anauliza ukuta, lakini huyu alitoka kwa nini? Daktari amesema kichwa hakina ugonjwa. "Mama mdogo," Ivy akamwuliza, "wewe unamjua huyo mtu?"

Nabwile akasema anamjua kidogo. Akakata simu.

Wiki tatu hakufanya kitu. Kiapo ni kiapo. Linah akaja, sasa na yeye ana mvi, akamwambia mama, dada yako ni kipofu. Nabwile akamwambia nimesikia, si kiziwi. Mimi nikamwambia akifa leo, huyo mtu atabaki darajani mpaka Yesu arudi. Akaniambia nyamaza. Lakini usiku huo hakula, na asubuhi akatangaza ati anakwenda Chwele, upande wa Bungoma, kutafuta miche ya ndizi. Miche ya ndizi iko hapa Kibomet kwa jirani yake, bure. Hakuna aliyemkumbusha. Tulimwona akitia kwenye kikapu kilo nne za unga wa wimbi, na juu yake kitu kimefungwa kwa kitambaa cha kichwa, na sote tukatazama pembeni.

Hajui nilivyojua yaliyotokea Bungoma. Ivy alinieleza, na nyingine nimezipata kwa Nabwile mwenyewe kidogo kidogo, kama mtu anayetoa mwiba.

Alifika mchana. Agneta alikuwa ameketi jikoni akichagua maharagwe kwa vidole. Amekonda. Viatu vyenye kamba hana tena, yuko na malapa. Nabwile akasimama mlangoni, akapiga hodi.

"Nani?"

"Mtu wa Kitale."

Agneta akaendelea kuchagua maharagwe. Akatoa kijiwe, akakitupa. Kisha akamwambia binti yake, "Ivy, mshike yule jogoo mwekundu umchinje. Si kwa sababu ya mtu. Alikuwa ananisumbua."

Kwetu jogoo hachinjwi bure, na Nabwile alielewa. Akaingia, akaketi. Wakauliziana watoto, mvua, bei ya mbolea, Khisa na shamba lake, vitu vyote ambavyo hakuna aliyekuja kuulizia. Mwisho Nabwile akaona amezeeka vya kutosha. Akasema nimekuja kwa ile sehemu yako.

Agneta akacheka, kicheko kibaya. Akasema hakuna sehemu. Mchwa waliingia kwenye sanduku mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu, wakala kitabu, wakala na cheti chake cha ubatizo, wakaacha vumbi. Ivy anasema mama mdogo wake alishika ukingo wa meza.

"Lakini nilikuwa nimekisoma," Agneta akasema. "Tangu siku tuliyomnyolea baba. Kila Jumapili. Kiko hapa, neno kwa neno." Akagonga kifua. "Na hakinisaidii. Mtu anarudi kwao, amechoka, amezeeka, anafika kwenye mto mdogo nyuma ya nyumba, anaanguka magoti, analia. Miaka yote hii namtazama akilia kwa mto. Analilia nini? Mto ni mto. Nilitaka kukuuliza. Nikasema nitakufa kwanza."

"Na mimi nilisema nitakufa kwanza," Nabwile akasema.

Jogoo akalia nje mara moja, halafu hakulia tena.

Nabwile akafungua kikapu. Akatoa unga, akauweka. Akafungua kitambaa, akatoa kile kipande, kimeshonwa mgongoni kwa uzi wa gunia. Akavaa miwani yake ya sokoni. Agneta akasikia karatasi inafunguliwa, akauliza nani atasoma, Ivy yuko na kuku.

"Mimi," Nabwile akasema, na akaweka kidole mahali pake.

Alisoma kuanzia pale mzee Barasa alipokuwa akianza. Alisoma sufuria, blanketi na jozi moja ya viatu. Alisoma yule mtu akimwambia mama yake nataka kuona mto wa nyuma ya nyumba yetu unakwenda wapi, na mama yake akimjibu nenda, lakini ukijua uje uniambie. Hapo akasikia Agneta ameacha maharagwe. Ametoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga kitu cha moto, kisha akasema polepole, "Kumbe. Kumbe alikuwa na mtu wa kumwambia." Na uso wake ukalowa wote, bila kujifuta, kwa sababu kipofu hajui kama unamwona.

Nabwile hakusimama. Aliogopa akisimama naye atalia, na hilo hakulijia. Alisoma mpaka kuku akaiva na akapoa. Hakuruka hata neno. Palipokuwa pagumu alitafuna silabi mpaka zikalainika, na yule aliyesema ati kitabu kitafungia njugu alingoja kila silabi kama mtu anayengoja mvua. Siku hiyo hawakufika. Nabwile akalala Bungoma, mara ya kwanza bila msiba. Kesho yake, saa kumi jioni, akafika.

"Nikaweka mguu wa kulia juu ya lile daraja la kamba, nikashika kwa mikono miwili, na papo hapo," akasoma. Akafunga kipande chake, akakiweka magotini, akangoja.

Agneta akanyoosha mgongo. Akasema, kwa sauti ya mtu wa ofisini, "nikaona ng'ambo mzee mmoja mwenye mbuzi, naye ameweka mguu wake wa kulia. Nikampungia arudi, naye akanipungia nirudi. Tukasimama hivyo kila mtu upande wake mpaka jua likashuka, hakuna anayetaka kumpisha mwenzake."

Nabwile anasema alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na Agneta akakasirika, akauliza kinachochekesha ni nini, halafu akaelewa, akasema, "Wewe mtoto, nyamaza nimalizie." Akamalizia. Mzee ndiye aliyepisha, kwa sababu mbuzi walikuwa na njaa. Yule mtu akavuka. Miguu yote miwili ikakanyaga ardhi ya ng'ambo.

Ungedhani Agneta angeendelea mpaka mwisho. Hakuendelea. Alisema amechoka, zingine mwezi ujao. Nabwile akamwambia mimi nimetoka Kitale. Agneta akasema, basi unajua njia. Na hivyo ndivyo wanavyofanya mpaka leo. Kila mwisho wa mwezi Nabwile anakwenda Bungoma, hatangazi tena habari za miche, Agneta anatoa kurasa mbili, tatu, zaidi ya hapo hatoi hata umbembeleze. Nabwile anaziandika kwenye daftari, kwa jasho, dada yake akimwuliza umeandika? Na akirudi tunaketi wale watatu tuliobaki, anatusomea, na mimi nafunga macho naona mistari.

Juzi nilimwuliza kama haogopi Agneta ataondoka kabla hawajamfikisha yule mtu nyumbani. Macho, sasa figo, mwaka huu amelazwa mara mbili. Nabwile alikuwa anachonga penseli kwa kisu cha jikoni. Akasema anaogopa, ndiyo, na kwamba mwezi uliopita Agneta alimpa kurasa tano bila kuombwa, na hakupenda vile alivyompa. Akapuliza vumbi la penseli.

Nimeandika, na mkono umekufa ganzi. Sasa ni zamu yako wewe uliyekaa ukasoma bure. Nyumbani kwako kuna mzee ambaye hajafika popote, unadhani. Nenda uketi naye leo, si kesho, umwulize amekwenda wapi akiwa ameketi hapo, na kitabu gani au maneno ya nani yalimpeleka. Uandike, hata herufi zikilala. Ulete kanisani Kibomet siku ya Alhamisi, mwalimu Linah anapokea, na mimi nitakuwa benchi la nyuma nikikagua nani amekuja mikono mitupu.